Nimekuta picha za binti yangu kwenye simu yangu ya kazi, nikafuta kila kitu kwa hasira. Nianzie wapi?

FundiVitenge_Mwanjelwa (Mbeya)

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni. Naandika hapa saa sita usiku Ijumaa, mtoto amelala, mimi usingizi umegoma.

Ni fundi cherehani, nina fremu karibu na soko la Mwanjelwa. Siku hizi nusu ya kazi yangu iko kwenye cherehani, nusu iko kwenye simu. Mteja ananitumia picha ya mshono WhatsApp, anasema dada nataka hivi, mkono uwe hivi, chini kuwe na marinda. TikTok nako nina akaunti, naweka video za nguo nilizomaliza, na namba yangu nimeiandika pale juu ili wateja wanipate. Imenisaidia sana. Nimeshonea watu wa Tunduma na Songea ambao hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Simu ni hiyo hiyo moja. Mume wangu ni dereva wa lori, anakaa barabarani hata wiki mbili, na simu yake anaondoka nayo. Kwa hiyo nikifunga kazi jioni, ya kwangu inakuwa ya nyumba nzima. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita. Anaangalia kazi ambazo mwalimu anatuma kwenye grupu la wazazi, akimaliza anaangalia katuni na video za kusuka nywele. Mimi muda huo nipo jikoni, au napinda nguo za kesho. Yuko sebuleni, namwona, nikajua yuko salama.

Jumanne mchana nilikuwa natafuta picha ya mshono wa mteja wa sendofu. Kitenge nimekitandaza mezani, mkasi mkono wa kulia, simu kushoto, napandisha picha kwa kidole gumba. Nikaona kioo changu. Kile kioo cha chumba cha kubadilishia, chenye ufa pembeni ambao nimeuziba kwa gundi ya karatasi. Na ndani ya kioo mwanangu, amevaa sweta la shule, nembo inasomeka vizuri kabisa, ameshika kiuno kama wanamitindo wa kwenye matangazo. Picha mbili. Mimi sikuzipiga.

Nikafungua WhatsApp. Kule chini, kwenye mazungumzo yanayowekwa kando, nikakuta namba nisiyoijua, ina picha ya mwanamke mrembo mwenye miwani. Anajiita Anti. Nilivyosoma ndipo nikaelewa yalianzia TikTok. Pasaka nilimshonea binti gauni la kitenge, likampendeza, nikamrekodi anazunguka, nikaiweka ile video. Niliiweka mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Huyo Anti akaandika kwamba anatafuta watoto wa kuonyesha nguo za kitenge Dar es Salaam, na wanalipwa. Aliyemjibu ni mtoto. Wakahamia WhatsApp kwa namba yangu iliyoandikwa pale juu.

Meseji za mwisho alikuwa anaomba picha "za vipimo". Apunguze nguo, apige usiku, na asimwambie mama, maana mama ataharibu bahati yake. Ndugu zangu, mimi nachukua vipimo vya watu mwaka wa kumi na nne sasa. Kipimo unakichukua kwa futi, mtu amesimama mbele yako na nguo zake mwilini. Hakuna fundi anayempima mtoto kwa picha. Niliposoma lile neno nilihisi mtu ameingia dukani kwangu akachukua kazi yangu, akaitumia kumvulia mwanangu nguo.

Nikamblok. Nikafuta mazungumzo yote, mikono inatetemeka, nilitaka yasiwepo duniani. Binti aliporudi kutoka shule sikumuuliza kitu. Nilimpiga. Nilimpiga kwa rula ya mbao ya kukatia nguo, na alilia bila sauti.

Tangu Jumanne mpaka leo haongei. "Ndiyo mama." "Hapana mama." Basi. Zamani alikuwa anapita dukani kila akitoka shule, ananiokotea pini chini kwa sumaku. Sasa anapitiliza nyumbani moja kwa moja.

Baba yake nimemwambia kwa simu, anasema nivunje hiyo simu. Siwezi, tunakula kwa hiyo. Naomba mnisaidie. Polisi nitaenda na nini wakati nimefuta? Mtoto ataongeaje tena na mimi? Na hii simu moja nitaigawanaje naye?

---

MwlKompyuta_Kihesa (Iringa)

Kamwene dada, pole sana. Mimi nafundisha kompyuta sekondari, na nina watoto wawili. Nitaanza na ushahidi kwa sababu huo una haraka.

Hujafuta kila kitu. Namba uliyoiblok bado ipo: ingia WhatsApp, mipangilio, faragha, kisha orodha ya waliozuiwa. Iandike kwenye daftari sasa hivi, usisubiri asubuhi. Mazungumzo ya mwanzo ya TikTok, kama binti hakuyafuta, bado yako kwenye inboksi ya akaunti yako. Piga picha ya skrini meseji moja moja, jina la akaunti yake lionekane na tarehe zionekane, halafu ndipo umripoti na kumblok. Ukimripoti kwanza akaunti yake inaweza kuondolewa, ukabaki mikono mitupu. Zile picha mbili za kwenye kioo usizifute, na usimtumie mtu yeyote, hata shangazi wa mtoto.

La WhatsApp lenyewe. Kwenye simu za Android, WhatsApp inajihifadhia nakala ya mazungumzo ndani ya simu kila usiku saa nane. Nakala hizo zinakaa hadi siku saba tu, mpya zikiingia za zamani zinaondoka. Wewe ulifuta Jumanne mchana, kwa hiyo nakala ya usiku wa kuamkia Jumanne huenda bado ipo, ila haitakungoja. Fungua sehemu ya mafaili, tafuta folda ya WhatsApp, ndani yake kuna folda inaitwa Databases. Nakili folda nzima uiweke kwenye memori kadi, kisha memori kadi itoe uifungie. Usijaribu kurejesha mazungumzo mwenyewe. Ukienda polisi waambie nakala ipo. Na tafadhali dada, usimpelekee fundi simu wa kibandani. Simu yenye picha za mtoto haiachwi mezani kwa mtu "nitapitia jioni".

Angalia pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, hapo hapo WhatsApp. Kama kuna kompyuta au simu usiyoijua, iondoe, baada ya kuipiga picha. Hawa watu wakishamzoea mtoto wanaweza kumpa namba ya kuunganisha aiandike kwenye WhatsApp, kifaa chao kikaingia.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hatulijui, na limenikera muda mrefu. TikTok hairuhusu mwenye chini ya miaka 13, na kuanzia mwaka 2020 wenye chini ya miaka 16 hawawezi kutumiana ujumbe wa faragha kabisa. Tangu Januari 2021 akaunti zao zinaanza zikiwa zimefungwa, anayeona ni yule waliyemkubali. Ulinzi upo. Lakini binti yako hakuingia kama mtoto. Aliingia kama wewe. Mtandao unamwona mama wa miaka thelathini na kitu, mfanyabiashara, ambaye inboksi yake lazima iwe wazi kwa wateja. Mlango wote wa mtu mzima ukafunguka kwa mtoto wa miaka 12. Huku kwetu simu ya mzazi ndiyo simu ya mtoto, na maelekezo mengi ya usalama yameandikwa kwa nyumba ambayo kila mtoto ana ya kwake.

Habari ya kugawana simu nitaandika kesho, leo fanya ya ushahidi.

---

BabaWatatu_Makambako

Pole mama. Mimi naona mnazunguka. Mtoto wa darasa la sita simu janja ya nini? Wangu watatu, nyumbani kuna kitochi cha kupiga na kupokea, ya kwangu inalala na mimi. Kazi za shule naandika kwenye karatasi wananakili. Hakuna Anti wala Anko. Mume wako amesema kweli.

---

FundiVitenge_Mwanjelwa

Mwalimu, ndaga fijo, asante sana. Namba nimeipata! Iko kwenye waliozuiwa kama ulivyosema, nimeiandika kwenye daftari la vipimo. TikTok pia yapo, nimepiga picha kumi na saba. Folda nimeinakili, jirani yangu binti wa chuo alinielekeza kwa simu bila mimi kumwambia ni ya nini.

Baba wa Makambako, nakuheshimu na nimekusoma. Lakini huyo mtoto mwaka kesho anamaliza la saba, akienda sekondari atakutana na simu za wenzake bwenini, na mimi sitakuwepo. Na ukweli mwingine, video ya gauni niliiweka mimi. Hata angekuwa na kitochi, sura yake ilikuwa imeshatoka nje kwa mkono wangu.

---

Ustawi_Njombe

Dada, mimi ni afisa ustawi wa jamii, nipo mkoa wa Njombe. Nimesoma mara mbili ndipo nikaandika.

Nenda kituo cha polisi na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Usieleze habari hii kaunta mbele ya watu, sema tu una jambo la mtoto unataka dawati. Utaandika maelezo, utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, itunze. Wakikuambia "lakini hajaguswa", usirudi nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa picha za ngono za watoto na pia unyanyasaji wa mtandaoni. Anayemwomba mtoto avue nguo ameshaanza njia hiyo. Huna haja ya kusubiri afike mwisho wake.

Kabla hata ya kituo, unaweza kupiga 116. Ni simu ya msaada kwa mtoto, bure, na anaweza kupiga mzazi au mtoto mwenyewe. Watakuunganisha na ofisi ya ustawi ya halmashauri yako. Mwandikie binti namba hiyo mahali anapopaona kila siku.

Utafiti wa mashirika ya kimataifa ya UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotoka mwaka 2022 kuhusu Tanzania ulikuta watoto 4 katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikutwa na unyanyasaji wa kingono wa aina hii ndani ya mwaka mmoja. Ukipiga hesabu kwa nchi nzima ni kama watoto 200,000. Nakutajia hili ili usimtazame mwanao kama mtoto mmoja aliyepotoka Mbeya nzima.

Na ikiwa binti atakuja kukuambia kwamba ipo picha aliyotuma akiwa hana nguo, usipige kelele. Upo mpango unaitwa Take It Down, wa kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Unaichagua picha ikiwa humo humo kwenye simu yako, inatengenezewa alama yake, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili picha ikijitokeza izuiwe. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Ni bure na hauulizwi jina.

La kipigo nitakuambia kama dada yako. Yule mtu alimwambia mtoto mama ataharibu. Wewe Jumanne ulimthibitishia. Mwombe msamaha. Kwa maneno, siyo kwa kumnunulia soda.

---

BibiwaNdizi_Tukuyu

Mugonile wanangu. Mimi ni bibi wa miaka 66, mjukuu wangu ananiandikia haya, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mwanangu fundi, usimkalishe huyo mtoto kwenye kiti ukamwambia "haya sema". Hatasema. Mimi nimelea wa kwangu sita na wajukuu wanne. Mtoto husema akiwa na kazi mikononi na wewe unatazama pembeni. Mimi wangu walikuwa wanasema tukimenya ndizi za kupika, kila mtu na kisu chake, macho yako kwenye ndizi. Utomvu unakushika vidole huwezi kuondoka. Hapo ndipo nilipojua binti yangu wa pili alikuwa anafuatwa na mtu mzima njia ya kisimani, miaka hiyo hakuna simu. Nilimenya mpaka sufuria ikajaa, sikuinua uso. Ningeinua angenyamaza.

Wewe una vifungo. Mpe vifungo ashone.

---

kijana_Iyunga

Shikamoo dada, na wengine wote. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya, nina miaka 21. Nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mama yangu mpaka leo.

Nikiwa na miaka 14 ilinitokea kama ya huyo mdogo wangu. Mimi ilikuwa gemu, Free Fire. Mtu aliniahidi almasi za bure, yale mawe ya kununulia nguo na silaha za kwenye gemu. Tulizungumza miezi miwili. Alianza kwa kuniuliza nimekula nini. Nyumbani hakuna aliyekuwa ananiuliza hivyo, siyo kwamba hawanipendi, ni kazi. Mwisho akaomba picha, nikatuma, akaanza kunitishia. Nilikaa nayo wiki tatu sili vizuri.

Mnajua kwa nini sikusema? Sikuogopa sana fimbo. Niliogopa simu. Nilijua nikisema tu simu inachukuliwa, na simu ndiyo ilikuwa marafiki zangu wote, ndiyo kila kitu. Watoto wote ninaowajua wanapiga hesabu hiyo. Na yule mtu anaijua hesabu hiyo kuliko mzazi, ndiyo anasema usimwambie mama. Kwa hiyo baba wa Makambako, kwa heshima kabisa, wako watatu siku wakikutwa na jambo kwenye simu ya rafiki yao, hawatakuja kwako. Wanajua jibu lako.

Dada, mwambie binti sentensi hii moja, na uishi nayo: ukiniletea jambo lolote la kwenye simu, sitakunyang'anya simu.

Na swali. Huyo mtu hakuwahi kutuma hela ya bando? Hawa huwa wanatuma elfu moja, elfu mbili, mtoto ajiunge asikatike. Tafuta kwenye meseji zako za miamala. Halafu kama simu unaifungua kwa patani, ile ya kuchora mstari, ibadilishe iwe namba. Sisi ya mama tulikuwa tunaisoma kwa mafuta ya vidole kwenye kioo, unailaza simu kwenye mwanga tu, mstari unaonekana.

---

FundiVitenge_Mwanjelwa

Mdogo wangu wa Iyunga, marahaba, na Mungu akubariki kwa kusema. Nimekaa na maneno yako siku nzima.

Ipo. Imo kwenye meseji za miamala. "Umepokea Tsh 2,000", na jina la mwanaume, majina yote matatu. Niliiona wiki iliyopita nikadhani ni mteja kamalizia deni la blauzi. Hata sikushtuka.

---

MwlKompyuta_Kihesa (Iringa)

Dada, hiyo meseji ni kubwa kuliko zote. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020, na muamala unaacha njia. Ipige picha na usiifute. Lakini sikiliza: jina hilo usiliandike hapa, usiliweke kwenye grupu la wazazi, na mume wako asimpigie. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa, bibi wa watu huko kijijini ambaye hana habari. Na kama ni yeye, ukimpigia anatupa laini jioni hiyo hiyo. Wapelekee dawati.

Kugawana simu sasa. Baadhi ya simu za Android zina sehemu ya "watumiaji" kwenye mipangilio, unamfungulia binti upande wake usio na WhatsApp yako, TikTok yako wala hela zako. Watengenezaji wengine wameiondoa, kwa hiyo kama yako haina, tumia kubandika skrini: unafungua programu moja anayoihitaji, unaibandika, na ukiwa umewasha sehemu ya kuulizwa namba ya siri, hawezi kutoka humo bila namba hiyo. Ila ukibandika WhatsApp, mazungumzo mengine ya humo humo bado anaweza kuyafungua. Kwenye WhatsApp, sehemu ya faragha, weka kwamba wa kukuingiza kwenye vikundi ni watu uliowahifadhi tu. TikTok jioni toka kwenye akaunti, asubuhi ingia tena, ni usumbufu wa dakika moja. Video ya Pasaka ishushe baada ya kuipiga picha na maoni yake, na siku zijazo gauni la mtoto lirekodi likiwa kwenye hanga.

Ila hayo yote ni kufuli tu. Kijana wa Iyunga amesema jambo ambalo mimi na digrii yangu sikulisema.

---

BabaWatatu_Makambako

Nimesoma ya kijana. Jana usiku nimemuuliza wa kwangu mkubwa, ana 13, kama ana akaunti yoyote mahali. Akaangalia chini. Anayo, kaifungulia kwenye simu ya rafiki yake. Sikumfanya kitu. Tumekaa tu. Mama Mbeya, nisamehe nilivyokujibu.

---

FundiVitenge_Mwanjelwa

Ndugu zangu, zimepita siku tisa, nimerudi kuwaambia.

Kituoni siku ya kwanza niliambiwa nirudi kesho, anayehusika hayupo. Siku ya pili nikampata, mama mtu mzima, akanifungia mlango akanipa kiti. Nilimpa daftari la vipimo, picha za skrini, memori kadi na ile meseji ya elfu mbili. Alisoma kimya muda mrefu. Aliniuliza mara moja tu, "mtoto yupo na nani sasa?" Nina RB. Wamesema wanafuatilia namba, mengine siruhusiwi kuyaandika na sitaki kuyaharibu. 116 nilipiga pia, na ofisi ya ustawi hapa wamemwona binti mara moja.

Vifungo. Bibi, Jumamosi nilileta nyumbani mashati ya kwaya, ishirini na mawili, kila moja vifungo saba. Mvua ilikuwa inanyesha, tumewasha jiko la mkaa mlangoni, yeye ameketi kwenye mkeka mimi kwenye stuli. Sikumtazama. Nilianza mimi. Nikamwambia nilikosea kukupiga, kosa ni la mtu mzima aliyekudanganya, na la mama aliyeweka video bila kufikiri, halikuwa lako. Na nikasema ile sentensi ya simu. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano, ukamshinda mara tatu, nikasikia anavuta kamasi. Sikuinua uso, bibi, nilijikaza.

Shati la sita ndipo akasema. Kwamba hakutuma nyingine, ni zile mbili za sweta. Kwamba alitaka alipwe aninunulie ovaloki, mashine ya kuzungushia kingo za nguo, maana amenisikia kila siku nalalamika kwamba kupeleka nguo kwa jirani kuzungushiwa kunanimalizia faida. Aliyataja hata mahesabu, alikuwa ameyaweka kichwani: shilingi ngapi kwa gauni, magauni mangapi kwa wiki. Na kwamba Anti alipoanza maneno ya vipimo alijua ni uongo, kwa sababu amekulia dukani kwangu anajua vipimo vinachukuliwaje, ila aliogopa kuacha kujibu kwa kuwa alishaambiwa zile picha zitapelekwa shuleni.

Tulimaliza mashati kumi na tisa. Nililia baadaye, peke yangu.

Baba yake amerudi juzi. Alitaka kuanza, nikamtoa nje tukaongea kwenye lori. Simu haijavunjwa.

Jana jioni binti alikuwa anaitumia, nimeibandika kwenye WhatsApp asome grupu la kazi za shule, kama mwalimu alivyonielekeza. Ikaingia meseji mpya. Akainuka, akaja nayo jikoni akiwa ameishika kwa mikono miwili, akaniwekea karibu na sufuria. "Mama, kuna namba nyingine. Sijafungua."

Ni namba mpya. Inasema "mambo mrembo wa kitenge". Sijaiblok na sijajibu, nimepiga picha. Ustawi wa Njombe, hii niifungulie RB nyingine au naipeleka kwenye ile ile?

---

Ustawi_Njombe

Ile ile. Nenda asubuhi, uwaambie ni mwendelezo. Na mwambie binti kwamba nimesema amefanya vizuri sana.